Sayari iliyokuwa kwa jirani: kisa cha klabu moja ya Kisumu na data za TESS

Kuhusu kisa chenyewe

Hiki kisa kimetoka kwa klabu ya anga ya chuo kimoja hapa pande za Kisumu. Wahusika wamekubali kiandikwe bora majina yao, jina la chuo na namba ya nyota yenyewe visitajwe, kwa hivyo hivyo vyote nimevitoa, na tarehe za mikutano pia. Nitawataja kwa nafasi zao tu: dada wa fizikia, aliyekuwa mwaka wa tatu wakati huo, kaka wa kompyuta, mwenyekiti wa klabu, na Dokta, yaani mhadhiri mlezi wao. Mimi huwa nasaidia wanafunzi kusoma data za darubini za angani na niliitwa mambo yakiwa yamefika katikati, kwa hivyo yale ya mwanzo nimeyapata kwa grupu lao la WhatsApp na kwa daftari la dada, ambalo ni safi kushinda ripoti nyingi nimewahi kusoma.

Nakiandika kwa sababu kuna vijana Kakamega, Nakuru na Eldoret wanafungua data hizi hizi, na kosa lililotokea hapa halikutoka kwa uvivu. Hawa watu walifanya vipimo vyao vizuri sana. Shida ni kwamba jibu lilikuwa limetupwa nje kabla kipimo cha kwanza hakijaanza.

Mazingira

Kuangalia nyota Kisumu kwa darubini ya kawaida ni kazi ya kuvumilia. Jioni ziwa linatupa mawingu, radi zinaanza, na usiku ukitakata unakuta mataa ya mji yamefuta nusu ya anga. Lakini mahali petu pana bahati yake pia, tuko karibu na ikweta kabisa, nyota za kaskazini na za kusini zote zinapita juu yetu katika mwaka mmoja, kwa hivyo vijana wa hapa wanazijua pande zote mbili za anga kwa macho. Klabu ilikuwa na darubini moja ndogo ya lenzi na wanachama wengi waliokuwa wamechoka kungojea mawingu yaondoke, ndio Dokta akasema tuache kungojea, twende kwa darubini ambayo iko juu ya mawingu.

Aliyochagua ni TESS, darubini ya NASA iliyorushwa Aprili 2018. TESS ina kamera 4, kila moja inaona kipande cha anga cha nyuzi 24 kwa 24, na inakazia macho sehemu moja kwa siku 27 hivi kabla ya kuhamia sehemu nyingine, kila sehemu inaitwa sekta. Inazunguka dunia mara moja kila siku 13.7, na ikikaribia dunia inageuka kutuma data, ndio maana grafu zake huwa na pengo katikati. Kazi yake kubwa ni kutafuta sayari zinazozunguka nyota zingine: sayari ikipita mbele ya nyota yake mwanga unapungua kidogo, inatoka, mwanga unarudi, na ikirudia kwa mpangilio ule ule unaanza kushuku kuna kitu.

Data zote ziko wazi kwa ghala la MAST linalotunzwa Baltimore, Marekani, na huhitaji kuwa profesa wala kulipa chochote. Kuna programu ya Python inaitwa Lightkurve inayokuvutia data na kukuchorea grafu, na inakubali kufanya kazi kwa kompyuta za mbali kupitia kivinjari, kwa hivyo hata laptopu ya kukokota inatosha. Hili ni jambo la kufurahia kwa kweli. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda na mtafiti wa Ulaya wanafungua faili moja.

Hesabu yenyewe ya sayari ni rahisi kushinda watu wanavyodhani. Kiasi cha mwanga kinachopungua ni uwiano wa upana wa sayari kwa upana wa nyota, ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mshtarii, yaani Jupita, upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya Jua, kwa hivyo ukipita mbele ya Jua unaficha asilimia 1 hivi. Dunia yetu ingeficha chini ya asilimia 0.01. Shika hiyo asilimia 1, tutairudia.

Vile mambo yalienda

Klabu ilianza na nyota ambazo tayari zinajulikana kuwa na sayari, kama zoezi. Baada ya hapo Dokta akawapa kila mmoja orodha ya nyota zisizo na kitu kinachojulikana. Orodha ya dada ilikuwa upande wa kundinyota la Tanga, yaani Vela, kusini, na aliichagua kwa sababu sekta mbili zilizofuatana za mwanzo wa 2019 zilikuwa zimeifunika, hivyo angepata karibu miezi miwili ya data bila kukatika sana. Sababu nzuri. Ila upande huo ndio Njia Nyeupe (Milky Way) inapita, na mahali hapo nyota zimesongamana kweli kweli. Hiyo weka kando kwanza.

Nyota zake hazikuwa kwa ile orodha ya nyota ambazo TESS ilizipima kila dakika 2. Kwa nyota zingine zote miaka miwili ya kwanza TESS ilikuwa inahifadhi picha nzima ya anga kila dakika 30. Picha nzima ni kubwa, na kwa sekta moja ziko zaidi ya 1,000, hakuna bando la mwanafunzi linaweza, kwa hivyo walitumia huduma ya kukata: unaandika mahali pa nyota, unapewa kipande kidogo cha pikseli, yaani vile vimraba vidogo vinavyounda picha, kuizunguka, kwa picha zote za sekta. Megabaiti chache tu.

Hapo ndipo kaka wa kompyuta akaandika programu nzuri sana. Inachukua kile kipande, inaweka dirisha la pikseli 5 kwa 5 juu ya nyota, inajumlisha mwanga wote wa ndani, inasafisha mitikisiko ya darubini, halafu inatoa faili ya safu mbili: wakati na mwanga. Faili hiyo ni ndogo kabisa, inapita kwa WhatsApp, na mtu yeyote anaifungua hata kwa simu. Kile kipande cha picha kinafutwa ili nafasi isijae. Mkutano ukapitisha kwamba kazi zote za klabu zitatumwa kwa muundo huo.

Siku dada alipopitisha nyota zake kwa programu ya kutafuta mashimo, yaani pale mwanga unaposhuka kwa grafu, moja ikaruka juu. Mwanga ulikuwa unashuka asilimia 1 hivi kila baada ya siku 1.9, kila mara karibu saa 4, na kwa hizo sekta mbili mashimo yalikuwa zaidi ya 20. Yote sawa. Mtu akiijua ile hesabu ya Mshtarii damu inachemka: asilimia 1, chini ya siku mbili, hiyo ndiyo sura kamili ya zile sayari kubwa za gesi zinazozunguka karibu sana na nyota zao. Akamwandikia Dokta saa hiyo hiyo, usiku: "Dokta shikamoo, naomba uangalie hii kabla sijalala."

Dokta akamjibu asubuhi: "Marahaba binti yangu. Ni nzuri. Sasa jaribu kuiua."

Maamuzi ya kwanza, na sababu zake

Dada alijaribu kuiua kweli. Daftari lake lina kurasa za hayo majaribio na nataka yaonekane hapa, manake mtu akisikia mwisho wa kisa anaweza kudhani hawa watu walirukia tu.

Kwanza alilinganisha mashimo ya namba witiri na ya namba shufwa: la 1, 3, 5 upande mmoja, la 2, 4, 6 upande mwingine. Hiki ni kipimo cha kutafuta nyota pacha zinazofunikana. Nyota mbili zikizungukana na njia yao ikiwa imetuelekea, kila mzunguko zinafunikana mara mbili, ya kwanza mbele ya ya pili halafu ya pili mbele ya ya kwanza, na kwa kuwa mara nyingi haziko sawa shimo moja linakuwa refu na lingine fupi. Yake yalikuwa na kina sawa ndani ya makosa ya kipimo. Pili alitafuta shimo dogo katikati ya mashimo makubwa. Hakuna. Tatu akaangalia kama mashimo yanaangukia nyakati ambazo darubini husumbuliwa na mwanga wa dunia au wa mwezi, akakuta hayafuati. Nne, umbo. Sayari huacha shimo lenye sakafu bapa, nyota zinazogusana pembeni huacha shimo lenye ncha kama herufi V. La kwake lilionekana limeviringika, si V si bapa, akaandika "pengine sayari."

Vipimo vinne, vyote vimepita. Kwa hivyo uamuzi wao wa kwanza, kuiita mgombea, yaani kitu kinachoshukiwa kuwa sayari ila bado hakijathibitishwa, na kuendelea, mimi siulaumu. Kwa ushahidi uliokuwa mezani ulikuwa uamuzi wa haki.

Uamuzi wa pili ndio uliwachoma. Mwenyekiti alikuwa anaandaa maonyesho ya chuo na kulikuwa na mfadhili ambaye alishaonyesha nia ya kununulia klabu kompyuta, akaona hii ndiyo habari ya kumshika. Akatuma kwa grupu: "Wadau, klabu yetu imepata sayari. Sayari ya kwanza ya Kisumu!!" na mchoro chini. Dada alimwandikia pembeni kwamba neno ni mgombea, bado. Yeye akajibu kuwa watu hawaelewi mgombea, wakisikia mgombea wanafikiria kura. Kufikia jioni ujumbe ulikuwa umetoka kwa grupu la klabu ukaingia la darasa, la kanisa, la familia za watu, na bango lilikuwa limeshapelekwa kuchapishwa.

Dokta alichukua uamuzi wa tatu na ndio uliookoa kazi: hakuna kitu kinatumwa nje ya chuo, wala kwa mkutano wala kwa jarida, mpaka mtu ambaye hajahusika aifanye upya kutoka mwanzo kabisa. Mwanzo kabisa, alisisitiza, si kutoka kwa faili ya dada. Mwenyekiti alilalamika kwamba hiyo ni kurudia kazi ya mwenzako kama humuamini. Dokta akasema amwamini au asimwamini, yeye anataka njia nyingine ifike mahali pale pale.

Kilichotokea tulipofungua pikseli

Mimi niliingia hapo. Sikuwa na faili yao yoyote, nilikuwa na mahali pa nyota tu, kwa hivyo ilinibidi nivute kile kipande cha picha upya, na kitu cha kwanza unachoona ukifungua kipande ni picha. Hiyo ndiyo tofauti yote. Wao kwa wiki kadhaa walikuwa wanaangalia mstari wa grafu, hakuna aliyekuwa ameona mraba wenye mwanga.

Pikseli moja ya TESS ni kubwa sana. Ukigawa nyuzi moja ya anga mara 3,600 unapata sekunde moja, na pikseli ya TESS ina upana wa sekunde 21. Darubini ya Kepler iliyotangulia pikseli zake zilikuwa za sekunde 4 hivi. Hii si dosari ya TESS, ndiyo bei ya kuangalia karibu anga lote badala ya kipande kimoja. Lakini dirisha la 5 kwa 5 lina upana wa sekunde 105, na kwenye Njia Nyeupe ndani ya hapo huwezi kuwa na nyota moja. Ni kama ploti yenye nyumba nyingi na mita moja ya stima: mita ikipungua kasi unajua kuna mtu amezima kitu, hujui ni nyumba gani.

Tukakaa maabara Jumamosi moja, dada, kaka na mimi, Dokta akiwa nyuma anasahihisha mitihani. Nikamwomba dada afanye mwenyewe. Akaweka dirisha la pikseli moja tu, juu ya nyota yake kabisa. Ile asilimia 1 ikapotea karibu yote. Hakusema kitu. Akasogeza dirisha upande mmoja, hamna. Akalisogeza upande mwingine, pikseli mbili kutoka katikati, na shimo likaruka kuwa zaidi ya asilimia 10. Kaka akasema "Eish." Dada akasema, polepole, "Kumbe iko kwa jirani."

Tulimtafuta jirani kwa orodha ya Gaia, ile darubini ya shirika la anga la Ulaya ambayo kwa zaidi ya miaka 10 ilipima mahali na mwangaza wa nyota karibu bilioni 1.8. Alikuwepo, umbali wa pikseli mbili hivi, hafifu kama mara 25 kuliko nyota ya dada. Tena toleo la tatu la Gaia, la Juni 2022, lina orodha ya nyota pacha zinazofunikana zaidi ya milioni 2, na jirani yetu alikuwa humo, mzunguko siku 3.8. Mara mbili ya 1.9.

Sasa hesabu ikakaa yote. Jirani ni nyota mbili zinazokaribiana kufanana kabisa, zikifunikana mwanga wao unapungua asilimia 30 hivi. Lakini mwanga wao ni sehemu moja ya 25 ya nyota ya dada, kwa hivyo ukizichanganya ndani ya dirisha moja, asilimia 30 ya kitu kidogo hivyo inageuka kuwa asilimia 1 ya jumla. Mshtarii kamili. Na kwa vile pacha hao wanafanana, mashimo mawili ya kila mzunguko yana kina kimoja, ndio maana witiri na shufwa vikatoka sawa, na ndio maana programu ikasoma siku 1.9 badala ya 3.8. Shimo dogo la katikati halikuonekana kwa sababu lilikuwa limehesabiwa tayari kama shimo kubwa.

Matokeo

Dada aliandika ujumbe mwenyewe kwa grupu, Dokta alikuwa amejitolea kumwandikia akakataa. Ulikuwa mfupi: ishara ni ya kweli, si ya nyota tuliyodhani, ni nyota pacha zilizo jirani na tayari zinajulikana, huu hapa mchoro wa pikseli. Aliutuma kwa kila grupu ambalo alijua ujumbe wa kwanza ulifika, hata la kanisa. Bango lilibadilishwa, klabu ikapoteza pesa ya uchapishaji wa kwanza. Mfadhili alipoelezwa alinyamaza na hakurudi na zile kompyuta. Wanachama kadhaa walipunguza kuja. Sitaki kupaka rangi hapo, iliuma, na dada kwa muda alikuwa haongei kwa mikutano.

Kilichomrudisha ni nyota yenyewe. Dokta alimweleza kuhusu Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa sababu ilipaa siku ya uhuru wa Kenya. Ndiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kupima miali ya eksirei ya angani. Moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kwa kitu kinaitwa Centaurus X-3: wanasayansi wakiongozwa na Riccardo Giacconi waliona eksirei zake zinadunda kila sekunde 4.8, halafu kila siku 2.09 zinazimika kwa saa kadhaa na kurudi. Kuzimika huko ndiko kulikowaambia wanaangalia vitu viwili vinavyozungukana na kimoja kinamficha mwenzake. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002 kwa kazi ya eksirei. Yaani nyota zinazofunikana, ambazo kwa mtafuta sayari ni usumbufu, ndizo zilifungua mlango huo, na setilaiti iliyofungua iliruka kutoka pwani yetu.

Projekti ya dada ya mwaka wa nne ikawa ni wale pacha.

Uchambuzi

Watu waliosikia kisa hiki huwa wanasema funzo ni msitangaze mapema. Ni kweli lakini ni funzo la juu juu, na mtu akibaki nalo atarudia kosa lile lile kwa ukimya zaidi. Hata kama mwenyekiti hangetuma kitu, dada angeandika ripoti yake na ripoti ingekuwa imekosea.

Kwangu mimi mahali kisa kilivunjika ni kwenye ile faili ya safu mbili. Fikiria imebeba nini: wakati, na mwanga. Inajibu lini na kiasi gani. Swali la wapi halimo. Siku kaka alipojumlisha pikseli 25 kuwa namba moja na kufuta picha, taarifa ya mahali ilikufa, na kutoka hapo hakuna kipimo duniani, hata ungekuwa na subira ya aina gani, kingeweza kuirudisha. Vipimo vyote vinne vya dada vilikuwa vinauliza kama hii ni tabia ya sayari. Hakuna kilichouliza hii tabia ni ya nani. Na kwa bahati mbaya pacha walikuwa wa kufanana, wale wa kupita kipimo cha witiri na shufwa. Kama wangekuwa hawafanani angewakamata kwa safu mbili zile zile, na klabu ingeendelea kuamini muundo huo ni salama mpaka siku nyingine.

Uamuzi wa kufuta picha ulitoka kwa bando na nafasi ya simu, na hapo nawatetea. Watu wetu wanafanya sayansi wakihesabu megabaiti. Ila kile kipande chenyewe kilikuwa megabaiti chache tu, kilichohitaji kubanwa ni picha nzima na hiyo walikuwa wameshaikwepa. Walibana mara mbili. Ungeweza kuacha kipande kwa ghala la mbali na kutuma kwa WhatsApp picha moja ya mraba wa pikseli pamoja na grafu, isingezidi uzito wa picha ya harusi.

Kitu cha pili ni ukubwa wa dirisha. Walichagua 5 kwa 5 kwa sababu dirisha kubwa hufanya mstari utulie: darubini ikitikisika kidogo mwanga hautoki nje. Hiyo ni sababu halali kwa nyota iliyo peke yake. Kwa Njia Nyeupe unalipia utulivu kwa kumkaribisha jirani. Zoezi lao la mwanzo lilikuwa na nyota zilizo mbali na msongamano, dirisha lilifanya kazi vizuri, likabaki hivyo hivyo walipohamia Tanga. Hakuna aliyerudi kuuliza kama bado linafaa.

Tatu ni umbo. Shimo la saa 4 ukilipima kila dakika 30 unapata nukta 8 hivi, na kila nukta yenyewe ni wastani wa nusu saa, kwa hivyo ncha ya V inasuguliwa hadi inaonekana mviringo. Kile kipimo hakikupita wala kufeli, kilikuwa hakiwezi kujibu, na kilipaswa kuandikwa hivyo. TESS ilirudi anga la kusini mwaka wake wa tatu ikipiga picha kila dakika 10, na tena mwaka wa tano kila sekunde 200. Hizo data zilikuwa kwa ghala lile lile, bure, siku ile ile. Tulipozifungua ile V ilikuwa kali kabisa. Walibaki na za 2019 kwa sababu masomo ya mazoezi waliyofuata yalitumia za 2019, hakuna sababu nyingine.

Na swali kwa orodha ya Gaia lingechukua dakika chache. Naamini hili lingewekwa la kwanza, kabla ya kutafuta mashimo yenyewe: nani wengine wako ndani ya dirisha langu, na kati yao nani anajulikana kubadilika? Watafiti wanaofuatilia wagombea wa TESS kwa darubini za ardhini wanatumia usiku mwingi wakifanya hiki tu, kuangalia majirani mmoja mmoja, manake nyota pacha za jirani ni moja ya sababu za kawaida kabisa za mgombea kuanguka.

Kilichofanya kazi? Agizo la Dokta la kuanza upya bila faili ya mwenzako. Angesema "hakiki kazi ya dada" mtu angechukua safu mbili zile zile na kupata siku 1.9 na asilimia 1 kama yeye, na wote wangefurahi zaidi. Kurudia kuna maana pale tu unaporudi nyuma kupita mahali taarifa ilipopunguzwa. Sikumbuki kuona mlezi wa klabu akisimamia hilo kwa ukali huo mbele ya mwenyekiti mwenye haraka na mfadhili mlangoni.

Kilichofanya kazi pia ni daftari. Kwa sababu dada aliandika kila kipimo na sababu yake, tuliweza kuona kimoja kimoja kwa nini kilipita, na hilo ndilo lilitufundisha. Kikundi ambacho kingekuwa na grafu tu kingebaki na aibu bila maelezo.

Kuhusu mwenyekiti, nimeongea naye na sioni nia mbaya. Klabu ilikuwa haina kompyuta na yeye alibeba huo mzigo peke yake. Lakini aliyekuwa na ishara alisema mgombea, na neno hilo lilibadilishwa na mtu ambaye hakuwa amepima. Klabu sasa wana utaratibu kwamba aliyepima ndiye anaandika sentensi inayotoka nje, na haibadilishwi bila yeye.

Programu ya kaka nayo imebadilika. Bado inatoa safu mbili, ila haikubali kutoa bila kuambatanisha mraba wa pikseli wenye nyota za Gaia zimewekwa alama juu yake, na inapima kina cha shimo kwa madirisha matatu tofauti. Kina kikibadilika kulingana na dirisha inaandika onyo kwa herufi nyekundu. Wameipitisha kwa nyota zote za zamani za klabu, na wagombea wengine wawili wadogo ambao hakuna aliyekuwa amewatangaza wameanguka kwa njia hiyo hiyo. Mmoja amebaki. Bado wanajaribu kumuua.